Faida Inayotegemea Mkono wa Mkubwa



Kila msimu wa karafuu unapokaribia huanza kuja khabari kutoka ng'ambo. Mmoja husema kampuni fulani ya sigara yatazamiwa kupata faida kubwa mwaka huu, basi itanunua karafuu nyingi. Wa pili husema kampuni nyingine faida yake itashuka, basi bei itaanguka. Khabari hizi hazizuliwi barazani. Hutoka kwa watu wenye kazi yao maalumu, waitwao wachambuzi wa fedha. Watu hawa hukaa katika mabenki na nyumba za kuuzia hisa, wakasoma vitabu vya hesabu vya makampuni, kisha wakatoa makisio ya faida ya mwaka ujao. Makisio yao husomwa na wenye hisa, na wakopeshaji, na mawakala wa mazao, na mwisho wa safari hufika mpaka kwetu, yakiwa yamekwisha geuka kuwa bei.

Wako kati yetu wasemao hivi: "Kampuni yenye mkubwa ndani yake haianguki. Ukiisikia yasifiwa, iamini." Neno hili limesemwa sana, na limewahi kuaminiwa hata na mabenki makubwa ya dunia. Maoni yetu ni kinyume chake. Twasema kwamba makisio ya faida ni kitu cha manufaa, wala si haki kuyadharau. Lakini kampuni ikiwa na jamaa katika mlango wa mtawala, makisio ya faida yake yataka kupunguziwa imani, na mkulima asifunge ahadi zake juu yake. Ushahidi wetu hauko mbali na karafuu. Watoka Indonesia, nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za visiwa hivi.

Kazi ya mkisiaji

Kazi ya mchambuzi si uganga. Afanya kama afanyavyo mtu aliyepelekwa shambani kukisia mavuno. Huyo huhesabu mikarafuu izaayo, akatazama matumba, akauliza kama mwaka jana miti ilizaa sana au ilipumzika, akaangalia mvua, kisha akasema: shamba hili litatoa magunia kadha wa kadha. Hukosea, lakini hukosea kwa kiasi, na mwaka wa pili hujirekebisha.

Mchambuzi naye hutazama bidhaa zilizouzwa na bei zake, gharama ya mali ghafi, mishahara, ushuru, riba ya mikopo, na thamani ya fedha ya nchi. Akishatoa gharama katika mapato hupata faida, akaigawa kwa idadi ya hisa. Kampuni itoapo hesabu yake ya kweli, watu huziweka namba mbili hizo kando kwa kando, iliyokisiwa na iliyopatikana, na tofauti yake ndiyo kipimo cha mkisiaji.

Sasa natufanye kampuni moja yauza bidhaa kwa shilingi 100. Mali ghafi yagharimu shilingi 60, mishahara na uchukuzi shilingi 20, faida shilingi 20. Mchambuzi ayaona yote hayo katika kitabu, akasema: kampuni nzuri, mwakani itapata 20 nyingine, pengine 22. Lakini kuna jambo ambalo kitabu hakikulisema. Mali ghafi ile kila mfanya biashara mwingine huinunua kwa 75, na kampuni hii huipata kwa 60 kwa sababu mwenyewe ni mtoto wa mkubwa, na amesamehewa ushuru. Basi katika faida ya shilingi 20, shilingi 15 si za biashara. Ni za mlango. Siku mlango utakapofungwa faida itakuwa 5, na robo tatu yake itakuwa imepotea bila ya mnunuzi hata mmoja kuikimbia kampuni, wala mfanyakazi hata mmoja kuzembea. Mkisiaji alihesabu matawi yote, akasahau kwamba mti wenyewe umesimamishwa kwa nguzo ya jirani.

Karafuu zetu na mlango wa Jakarta

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Watu wa huko huvuta sigara ziitwazo kretek, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu, na kwa muda mrefu karafuu za nchi yao hazikuwatosha. Hivyo wakanunua za Zanzibar na za Madagaska. Suharto alipokuwa Rais, mwaka 1968, ruhusa ya kuingiza karafuu ilitolewa kwa makampuni mawili. Moja, Mercu Buana, ilikuwa ya Probosutedjo, ndugu yake Suharto kwa mama. Ya pili, PT Mega, ilikuwa ya Liem Sioe Liong, mfanya biashara aliyejuana na Suharto tangu alipokuwa afisa wa jeshi katika Java ya Kati. Basi wazee wetu walioanika karafuu juu ya majamvi katika miaka ile walikuwa, bila ya kujua, wakiuza kwa mlango wenye funguo mbili tu, na funguo zote mbili zilikuwa mikononi mwa jamaa na rafiki wa mtu mmoja.

Huku nyuma Indonesia ilikuwa ikipanda mikarafuu yake kwa bidii. Katika miaka ya 1980 ikafika kujitosheleza, na mnunuzi wetu mkubwa akawa hatuhitaji tena kama zamani. Msiba wa bei uliotufika baadaye kila mzee aujua, wala hatuna haja ya kuurudia.

Mambo yaliyofuata huko ndiyo yenye mafunzo. Mwaka 1990 makampuni mawili makubwa ya kretek, Gudang Garam na Sampoerna, yaliingiza hisa zao katika soko la hisa la Jakarta. Kuanzia hapo wachambuzi wa Jakarta, Hong Kong, Singapore na London wakawa na kazi ya kukisia faida yao kila mwaka. Na haukupita muda, mwishoni mwa mwaka huo huo, Serikali ikatoa ukiritimba wa kununua na kuuza karafuu za nchi nzima kwa shirika lililoitwa BPPC. Kiongozi wake alikuwa Hutomo Mandala Putra, aitwaye Tommy, mtoto mwanamume mdogo wa Rais. Mpango ulielezwa kuwa ni wa kumwokoa mkulima: shirika litanunua kwake kwa bei imara, kisha litawauzia wenye viwanda.

Shirika lilitaka kuwauzia wenye viwanda kwa bei iliyokaribia maradufu ya ile waliyoahidiwa wakulima. Wenye viwanda walikuwa na karafuu nyingi katika maghala yao, wakaamua kutumia akiba na kutonunua. BPPC ikabaki na shehena, ikaendeshwa kwa mamia ya mamilioni ya dola za mikopo nafuu iliyotoka kwa benki kuu ya nchi. Ilipofika 1992, wakulima wale wale walioahidiwa kuokolewa waliambiwa waharibu nusu ya mazao yao. Wengi wa Sulawesi na kwingineko waliacha karafuu mtini, na wengine wakaikata mikarafuu, kwa kuwa ujira wa wachumaji ulikuwa haurudi.

Sasa fikirini hali ya mchambuzi aliyetakiwa akisie faida ya Gudang Garam kwa mwaka 1991 au 1992. Gharama moja kubwa ya kampuni hiyo ni karafuu. Zamani angeuliza mvua, miti, na bei ya Zanzibar. Sasa hayo yote hayakumfaa kitu. Alipaswa kuuliza: Je, baba atampa mwanawe mkopo mwingine? Je, wenye viwanda watalazimishwa kununua? Je, ukiritimba utadumu mwaka mmoja au kumi? Hakuna kitabu cha hesabu chenye majibu ya maswali kama hayo. Tena tazameni: kampuni iliyopata taabu hapa si yenye jamaa peke yake. Hata ile iliyosimama nje ya mlango, faida yake haikuweza kukisiwa, kwa sababu mwenzake alikuwa ndani. Wahenga walisema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Na jua lake, twaongeza sisi, huwaunguza walio karibu.

Mambo haya hayakuwa ya karafuu peke yake. Mwezi wa Februari 1996 kampuni ya Tommy huyo huyo ilipewa haki ya kutengeneza "gari la taifa", lililoitwa Timor, kwa msaada wa Kia ya Korea ya Kusini. Gari hilo lilisamehewa ushuru wa forodha na kodi ya anasa, ambazo wengine wote walilipa. Kampuni ya Astra, iliyouza magari ya Toyota katika Indonesia, haikuwa imefanya kosa lolote katika biashara yake. Lakini kwa amri ya siku moja makisio yote yaliyoandikwa juu yake yakawa karatasi ya kufungia karanga. Nchi za Japani, Marekani na Umoja wa Ulaya zilipeleka mashitaka katika Shirika la Biashara la Dunia, na hukumu ya mwaka 1998 ikasema msamaha ule ulivunja kanuni.

Homa ya mtu mmoja

Kuna mtaalamu, Raymond Fisman, ambaye mwaka 2001 alichapa uchunguzi ambao kila mwenye akiba yafaa aujue. Alitaka kujua ni sehemu gani ya thamani ya makampuni ya Indonesia ilitokana na ujamaa na Suharto. Mwaka 1995 washauri wa biashara wa Jakarta walikuwa wameyapa makundi makubwa ya makampuni alama, kuanzia 1 hadi 5, kwa kadiri ya kumtegemea Rais. Fisman akatafuta siku ambazo zilitokea khabari za maradhi ya Suharto baina ya 1995 na 1997, akapata nyakati sita. Moja ilikuwa mwezi wa Julai 1996, Suharto alipokwenda Ujerumani kutazamwa afya yake.

Alichokiona ni hiki. Kila ilipotokea khabari ya ugonjwa, hisa za makampuni yenye alama kubwa zilianguka kuliko za wenziwe. Na kadiri khabari ilivyokuwa nzito, ndivyo tofauti ilivyozidi. Kampuni ya Bimantara, ya Bambang Trihatmodjo, mtoto mwingine wa Rais, ilianguka kuliko soko zima Julai ile. Viwanda havikuungua, wateja hawakuhama, mashine hazikuharibika. Alichougua ni mzee mmoja. Basi watu wa soko walijua siku zote kwamba sehemu kubwa ya thamani ile ilikuwa ya mlango. Walijua, lakini hawakuweza kuiandika katika makisio, kwa sababu hakuna mtu awezaye kukisia homa.

Ama mwisho wake ulikuja upesi. Katikati ya mwaka 1997 dola moja ilipata kiasi cha rupia 2,400. Januari 1998 ilipata zaidi ya 10,000. Mwezi huo huo, tarehe 15, Suharto alitia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake ilikuwamo ahadi ya kuuvunja ukiritimba wa karafuu na kuondoa upendeleo wa gari la Timor. Tarehe 21 Mei 1998 alijiuzulu. Milango iliyofunguliwa kwa miaka thelathini ilifungwa katika muda usiozidi msimu mmoja wa karafuu.

Kabla ya hapo, Januari ile ile, ilianguka benki moja ya Hong Kong iitwayo Peregrine, iliyokuwa na sifa kubwa katika bara la Asia. Ilikuwa imekopesha zaidi ya dola milioni 200 kwa kampuni moja ya teksi na mabasi ya Jakarta, Steady Safe, iliyokuwa na uhusiano wa biashara na kampuni ya barabara ya binti mkubwa wa Rais. Deni lilikuwa la dola, nauli za teksi zilikuwa za rupia. Mtoto wa shule angeweza kuona khatari hiyo kwa kalamu ya risasi. Lakini jina lile kubwa lilitosha kuyafumba macho ya watu wenye elimu ya fedha kuliko sisi sote. Huo ndio mwisho wa ule usemi kwamba kampuni yenye mkubwa ndani yake haianguki. Haianguki peke yake. Huanguka na mkubwa wake, na walioikopesha chini yake.

Kwa nini mkisiaji hukosea

Tusidhani Indonesia ni peke yake. Mara Faccio, katika uchunguzi aliouchapa mwaka 2006, alitazama makampuni zaidi ya 20,000 katika nchi 47, akakuta katika nchi 35 yako makampuni ambayo wakurugenzi au wenye hisa wake wakubwa ni wabunge, mawaziri, wakuu wa nchi, au watu wa karibu nao. Miongoni mwao zimo nchi tajiri za Ulaya. Na mwaka 2010 wataalamu watatu, Chen, Ding na Kim, walichapa uchunguzi wa nchi mbalimbali juu ya makisio yenyewe, wakaonyesha kwamba wachambuzi hupata taabu zaidi kuikisia faida ya makampuni yenye ujamaa wa namna hiyo, khasa pale ambapo rushwa imeenea. Sababu zake twaziona ni nne.

Ya kwanza ni kwamba fadhila haiandikwi. Ushuru uliosamehewa waweza kuonekana, lakini simu iliyopigwa usiku haina risiti.

Ya pili, vitabu vyenyewe huwa havina adabu. Chaney, Faccio na Parsley walionyesha mwaka 2011 kwamba hesabu za makampuni yenye ujamaa na wanasiasa huwa za hali ya chini kuliko za wengine, na kwamba hawaadhibiwi kwa riba kubwa kama wangeadhibiwa wengine kwa hesabu mbovu kama hizo. Mtu ambaye mkopo wake hautegemei kitabu ana haja gani ya kukisafisha kitabu?

Ya tatu, fadhila haipungui kidogo kidogo kama mavuno. Mti uliochoka huonyesha majani ya manjano mwaka mzima kabla ya kufa. Fadhila huwa nzima jioni, na asubuhi haipo. Hesabu za mchambuzi hujengwa juu ya mwaka jana na mwaka juzi, na fadhila haina mwaka jana. Ina leo tu.

Ya nne yamhusu mchambuzi mwenyewe. Naye ni mtu, ana tajiri wake. Akiandika neno baya juu ya kampuni ya mtoto wa mkubwa, kesho hapokelewi ofisini kwao, na nyumba yake ya kazi hunyimwa biashara ya kuuza hisa mpya. Jambo hili si la nchi changa peke yake. Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na marafiki wengi Washington, na wachambuzi wengi waliendelea kuwaambia watu wanunue hisa zake mpaka vuli ya 2001, Desemba ikafilisika. Mwaka 2003 makampuni kumi makubwa ya fedha ya New York yalikubali kulipa kiasi cha dola bilioni 1.4 kwa kesi iliyosema kuwa maoni ya wachambuzi wao yalipindishwa ili kuwavutia wateja. Kama mchambuzi wa New York aweza kupindishwa na fedha ya tajiri wake, wa mahali penye khofu je?

Hoja ya upande wa pili

Haki yataka tuseme na neno la wapinzani wetu. Wasema kwamba ujamaa na Serikali huituliza faida, hauiyumbishi. Kiwanda cha unga cha Bogasari, cha yule Liem Sioe Liong, kilisaga ngano iliyoletwa na shirika la Serikali kwa ujira uliokubaliwa, mwaka baada ya mwaka. Nani asingeweza kukisia faida ya kiwanda kama hicho? Tena wasema kwamba kampuni ya jamaa, ikitetereka, huokolewa. Hili nalo ni kweli. Faccio, Masulis na McConnell walichunguza makampuni 450 ya namna hiyo katika nchi 35, wakakuta huokolewa na Serikali mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Twalikubali neno hilo lote, kisha twalijibu hivi. Makisio yaliyosibu kwa miaka ishirini kwa sababu mtu mmoja hakufa wala hakuondoka si elimu. Ni bahati iliyovaa kanzu ya elimu. Aliyeegesha ngazi juu ya tawi lililooza aweza kuchuma misimu mitatu salama, na hiyo si hoja ya kumpeleka mtoto wake juu msimu wa nne. Na kuhusu kuokolewa, wataalamu wale wale walikuta kwamba makampuni ya jamaa yaliyookolewa yalifanya vibaya zaidi kuliko ya wengine yaliyookolewa. Fedha iliyowaokoa ilitoka kwa walipa kodi. Katika khabari ya BPPC ilitoka benki kuu, na mkulima aliambiwa achome mazao. Kuokolewa kwao ndiko kuzama kwetu.

Wala hatusemi kwamba kila msaada wa Serikali ni ubaya. Serikali ikitoa miche, ikajenga barabara, ikasamehe ushuru wa mbolea kwa kila mkulima, kwa sheria iliyochapishwa na kila mtu akaisoma, huo ni msaada uwezao kuhesabiwa, na mchambuzi ataukisia vema. Tulipingalo ni msaada uliotolewa kwa jina la mtu. Sheria huandikwa, jina hufa.

Tujitazame wenyewe

Si adabu kuhesabu makosa ya Jakarta tukanyamazia ya nyumbani. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha Zanzibar kilianzishwa mwaka 1927, na katika 1937, zama za Waingereza, kilipewa kwa sheria mamlaka makubwa juu ya ununuzi na upelekaji wa karafuu nje. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkulima na madeni na bei za ulanguzi. Lakini wafanya biashara wa Kihindi walikataa kununua, na India yenyewe, iliyokuwa mteja mkubwa, ikasusa karafuu zetu. Biashara ikakwama mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Yeyote aliyekisia mapato ya msimu ule kwa kutazama mikarafuu tu alikosea, kwani jibu halikuwa mtini. Lilikuwa katika karatasi ya sheria na katika hasira za Bombay.

Twalitaja hili kwa sababu chama cha wakulima nacho chaweza kuwa kampuni yenye jamaa. Kikipata upendeleo, wanachama hufurahi, na huanza kuhesabu fedha ya upendeleo kama kwamba ni fedha ya karafuu. Mtu hujenga nyumba juu yake, huoza mwanawe juu yake, huweka rehani shamba juu yake. Upendeleo ukiondoka, shamba hubaki kwa mwenye deni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ndugu wa karatasi ni dhaifu kuliko wa damu.

Yatupasayo

Basi ushauri wetu kwa wanachama ni huu. Ukisikia kwamba mnunuzi fulani atapata faida kubwa, usiulize kwanza ni kiasi gani. Uliza yatoka wapi. Jiulize: huyo mkubwa wake akiondoka kesho, itabaki faida gani? Ukikosa jibu, basi hata aliyekisia hana jibu, ijapokuwa ameandika namba yenye nukta na desimali.

La pili, usikope juu ya makisio ya mtu mwingine. Mnunuzi akikuahidi bei ya mwakani kwa sababu ya sifa zake kwa wakubwa, mwombe fedha taslimu au hati ya benki. Sifa haipimwi kwa mizani.

La tatu ni kwa viongozi wa vyama. Akiba ya wanachama isiwekwe katika hisa za kampuni yoyote kwa hoja ya kwamba "ina watu". Hoja hiyo ni sababu ya kuchelea, si sababu ya kununua. Na hesabu ya chama inaposomwa katika mkutano wa mwaka, upendeleo wowote tulioupata, wa ushuru au wa mkopo, usomwe peke yake, mbali na mapato ya karafuu, ili kila mwanachama ajue ni shilingi ngapi zimetoka shambani na ngapi zimetoka mlangoni. Jambo hili halina gharama. Lataka mstari mmoja tu katika kitabu, na moyo wa kuusoma kwa sauti.

Wakulima wa Sulawesi hawakuwa wavivu kuliko sisi, wala wachambuzi wa Hong Kong hawakuwa wajinga kuliko sisi. Wote wawili walitazama jina wakaacha kutazama mti. Sisi tuliozoea kupanda mkarafuu na kungoja miaka kabla ya kuchuma twapaswa kujua zaidi ya wote kwamba kisicho na mzizi hakikisiwi.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwanachama mwenye hoja iliyo kinyume na aiandike, nasi tutaichapa.